Saquon Barkley: Kumbakisha au Kumbadilisha?

Msimu wa 2024 Saquon Barkley, mkimbiaji wa ligi ya soka ya Kimarekani (NFL), aliikimbilia Philadelphia Eagles yadi 2,005 katika mechi 16. Ukijumlisha na mtoano, alifika 2,504. Kumbakisha kwenye timu yako ya fantasi, ile ya kubuni inayopata pointi kwa takwimu za wachezaji halisi, baada ya msimu kama ule ni kumshika mkimbiaji anayepewa mpira tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho, na hao ni adimu mno.

Lakini mwili huchoka. Derrick Henry, mkimbiaji mwingine wa ligi hiyo, alikimbia yadi 2,027 mwaka 2020, kisha msimu uliofuata akavunjika mfupa wa wayo, akakosa mechi 9 za ligi. Ukimbadilisha kwa mchezaji mwingine baada ya msimu kama ule, unauza bei ikiwa kileleni.

Ligi ya kudumu, unayobaki na wachezaji wako mwaka hadi mwaka? Mbadilishe bila kusita. Ya msimu mmoja, mimi namshika, labda niletewe mpokeaji wa pasi wa daraja la Ja'Marr Chase.