Happywhale: mahali pa kupeleka zile picha za mikia ya nyangumi

Aliyewahi kupanda boti kwenda kutazama nyangumi anajua: unarudi na rundo la picha za mikia, unawaonyesha ndugu na marafiki, basi, zinafia kwenye simu. Siku hizi za kwangu nazipandisha Happywhale, tovuti iliyoanza mwaka 2015. Ni bure.

Unafungua akaunti, unaweka picha, unaandika tarehe na mahali. Programu inasoma upande wa chini wa mkia wa nyangumi mwenye nundu: mabaka meusi na meupe, makovu ya meno ya nyangumi wauaji, mikwaruzo ya kamba za uvuvi, ukingo uliochongokachongoka. Kila mmoja ana wake. Niliyempiga mimi ana baka jeupe upande wa kushoto tu, na ncha ya kulia imemeguka. Majibu yakaja kwamba anajulikana, pamoja na ramani ya kule alikoonekana kabla yangu. Niliikodolea macho ramani ile! Akionekana tena, napata barua pepe.

Msidhani ni mchezo wa watalii. Dume mmoja aliyepigwa picha Kolombia mwaka 2013 na 2017 aliibuka karibu na Zanzibar mwaka 2022, umbali wa zaidi ya kilomita 13,000. Aligundulika kwa picha kama hizi. Halafu kuna habari chungu: watafiti waliozitumia kuhesabu nyangumi hao Pasifiki ya Kaskazini waliona wamepungua kutoka 33,500 hivi mwaka 2012 hadi kama 26,700 mwaka 2021, na wanahusisha hilo na wimbi la joto la baharini lililovuruga chakula chao. Na hapo uwindaji wa kibiashara ulishapigwa marufuku tangu miaka ya 1980. Bila kumjua kila mmoja kwa mkia wake, upungufu huo ungeonekana saa ngapi?

Kwa pomboo lenga pezi la mgongoni, na jiandae kupata picha nyingi za maji matupu, hawasubiri mtu. Tena tafadhali, msimshinikize nahodha asogee karibu ili mpate mkia mzuri. Lenzi ndefu inatosha, na mnyama anayefukuzwa huzama akapotea.

Picha za zamani pia zinapokelewa. Hakikisha tu saa ya kamera ilikuwa sahihi, maana picha isiyo na tarehe wala mahali haiwasaidii watafiti.