Uzoefu wangu: mwaka mmoja wa ufuatiliaji baada ya kupunguzwa tumbo, nikiwa Lubumbashi

Nilipasuliwa New Delhi, India, na kuhusu upasuaji wenyewe sina la kulalamika. Ninachotaka kueleza hapa ni kile walichoniuzia pamoja nao: ufuatiliaji wa mwaka mmoja kwa simu, ndani ya bei ile ile. Jina la hospitali silitaji. Ninawapa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za mtaalamu wao wa lishe peke yake.

Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula na kubakiza mrija mwembamba. Ukishatua Luano, uwanja wetu wa ndege, na begi lako ndipo kazi inapoanza: wiki mbili hivi za vinywaji na supu iliyochujwa, kisha vyakula vya kusaga, kisha laini, na vitamini maisha yako yote.

Orodha ya chakula waliyonipa ilikuwa ya kwao: jibini la Kihindi, mtindi, dengu. Bukari (ugali wetu) haimo, sombe (majani ya muhogo) haimo. Nilipomwandikia mtaalamu wa lishe aliniambia nimpigie picha sahani ya nyumbani. Nikamtumia bukari, sombe na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kama tunavyokula hapa mtaani kwetu Kampemba. Hakukataza kitu. Alirudisha picha ile ile ameandika namba juu yake: moja kwenye samaki, mbili kwenye mboga, tatu kwenye bukari, kama bado kuna nafasi. Miezi ya mwanzo nafasi haikuwepo! Ndakala nilizisaga zikawa unga, nikachanganya na sombe iliyotwangwa sana, mawese kidogo tu, nikala kwa kijiko cha chai. Alitaka nifikishe gramu 60 za protini kwa siku, na nikimaliza kula nisubiri nusu saa ndipo ninywe maji. Hilo la maji lilinitesa kuliko njaa. Pia alinionya mapema kwamba nywele zingeweza kukatika kuanzia mwezi wa tatu baada ya upasuaji, kisha zingerudi. Zilipoanza kujaa kwenye kitana nilifunga kitambaa, nikaendelea na shughuli zangu.

Sasa upande mwingine. Delhi wako mbele yetu kwa saa tatu na nusu. Kuna wakati nilitapika siku kadhaa, mpaka maji yakawa hayakai. Usiku nikapiga ile namba yao ya dharura ya "saa 24": hapa saa tatu, kule saa sita na nusu. Hakupokea mtu. Kilichokuja ni ujumbe wa mashine wa kunishukuru kwa kuwachagua. Mume wangu akanipeleka hospitali ya hapa mjini. Daktari wa zamu akauliza, "Mama, walikukata namna gani?" Nikampa bahasha yangu. Kiingereza kitupu, tena maelezo ya upasuaji hayamo, ni risiti na majina ya dawa.

Bahati nzuri alikuwa anajua kwamba aliyepunguzwa tumbo akitapika muda mrefu hupewa vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, la sivyo mishipa ya fahamu inaweza kuharibika. Asubuhi Delhi wakajibu, wakasema neno lile lile. Basi kwa nini halikuandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi ya kurudi nyumbani? Wakongomani si wageni kwao. Siku ya kulipa, mkalimani wa Kifaransa alikuwepo.

Nisiwaonee, karatasi yao ya dalili za hatari ni nzuri, nami niliibandika kwenye friji. Wiki za kwanza, homa, moyo kwenda mbio au maumivu ya bega la kushoto ni vya kukukimbiza hospitali, maana mshono unaweza kuwa unavuja. Hapa kwetu homa ni malaria, mtu anameza dawa analala. Wanakataza pia ibuprofeni, dawa ya maumivu, kwa sababu ya vidonda vya tumbo, nayo famasi yoyote ya kona itakupa kabla hujamaliza kueleza unachoumwa.

Kikundi chao cha WhatsApp ni picha za kabla na baada, na matangazo. Faida niliyoipata humo ni dada mmoja wa Mombasa aliyenitafuta pembeni, tukawa tunatumiana sauti kwa Kiswahili. Yeye ndiye niliyemweleza maneno ya mtaani, kwamba nimekonda hivi lazima nina ugonjwa, au mume amenichoka. Mwenzangu alikuwa ameshayasikia yote kwao.

Vipimo vya damu vya mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili walinikumbusha kwa wakati, na majibu waliyasoma haraka. Chuma yangu ilikuwa chini. Wakaniongezea dozi na kunifafanulia kwamba chuma na kalsiamu havimezwi pamoja, viachane kwa muda wa saa mbili. Labo ya kupima B12 nilijitafutia mwenyewe.

Mwaka ulipoisha walinitumia bei ya kuongeza mwaka mwingine. Nilikataa. Vipimo vya kila mwaka nafanya na yule daktari wa zamu, ninamlipa kila ninapokwenda, na maelezo ya upasuaji, ambayo Delhi waliyatuma baada ya kuombwa sana, yako kwenye faili langu kwake, yametafsiriwa.