MuseScore Studio na bendi ya matarumbeta: karatasi zinatoka sawa?

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo ni MuseScore Studio, ile programu ya bure ya kuandika muziki. Sauti zake wengi wameshazisifu, mimi siziongelei. Nataka kujua kama karatasi za wapigaji zitatoka sawa kabla ya ibada ya Jumapili.

Tazama skrini. Kiitikio kiko kwenye F, yaani noti ya msingi ni F, ndipo kwaya inapoimba. Chini kulia kuna kitufe cha Concert Pitch. Kikiwashwa, kila ala inaonyesha sauti inayosikika. Nakizima, kila ala inaonyesha noti ambazo mpigaji wake anasoma... umeona? Tarumbeta ya B-flati imepanda toni moja, iko G, shapu moja, yaani alama moja ya kupandisha noti. Saksafoni alto iko D, shapu 2. Honi ya F imepata C, safi kabisa, haina shapu wala flati (alama ya kushusha noti). Sijapiga hesabu yoyote.

Ila kabla hujaingiza noti, kiangalie kitufe hicho. Unanakili karatasi ya zamani ya tarumbeta? Kizime. Unanakili kitabu cha piano? Kiwashe. Ukikosea, tarumbeta itakuwa toni nzima mbali na wenzake, na programu haitakuambia kitu.

Kuchagua ala nako kuna mtego. Kama bendi yenu, iwe Kampala au Masaka, inafuata mtindo wa Kiingereza, yufoniamu, ile ala kama tuba ndogo, inasoma ufunguo wa G. Kwenye orodha ziko za aina zote mbili, ya ufunguo wa G na ya ufunguo wa F, kwa hiyo chukua iliyoandikwa treble clef, ndio huo wa G.

Sasa tuje kwa wapiga gitaa wa kwaya ya sifa, ambao bila E hawaendi. Banange! Kwa E, saksafoni alto inaangukia C-shapu, shapu 7. Fungua Staff/Part Properties, chagua flati, na mpigaji anapata D-flati, flati 5. Afadhali. Lakini tarumbeta ni F-shapu yenye shapu 6 au G-flati yenye flati 6, huna pa kukimbilia. Mwambieni mwenye gitaa aweke kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye fereti ya kwanza, apige kama D. Mnatua E-flati: tarumbeta F, alto C, kila mtu anapumua.

Kwenye Parts, yaani karatasi za kila ala, bonyeza Open all. Ukirekebisha noti kwenye skoa, ile karatasi kuu yenye ala zote, karatasi ya mpigaji inabadilika papo hapo, ila mpangilio wa kurasa unabaki wake. Bari za kupumzika zinajikusanya zenyewe. Kinachoniudhi ni kugeuza ukurasa: programu haijali kwamba mpiga klarineti ana mikono miwili na yote ina kazi. Chagua bari yenye nafasi, bonyeza Ctrl na Enter, ukurasa ukatike hapo. Kisha Export, PDF moja kwa kila ala, tuma WhatsApp.

Pakueni kutoka musescore.org. Mkikutana na ukurasa unaodai malipo ya kila mwezi, huo ni wa nakala za nyimbo, programu yenyewe hailipiwi. Na zile Muse Sounds, sauti za ala zinazopakuliwa kando, ziacheni kwanza, zinakula bando, na kwa kuchapa karatasi hazihitajiki.