Miaka miwili ndani ya nyumba ya paneli: kuta nimezikubali, viungo hapana

Kiukweli nilianza nikiwa mbishi. Nyumba inatengenezwa kiwandani ukuta mzima mzima, ndo paneli hizo, halafu inaletwa kwenye lori kama friji? Mimi nimezoea nyumba unayoiona inapanda kozi kwa kozi, fundi anavuta uzi, tofali zinamwagiwa maji, mwaka unaisha bado uko kwenye lenta. Jina langu lilipotoka kwenye droo ya nyumba za serikali nikawa naenda saiti kila Jumamosi kuchungulia na aisee nilifunga mdomo mapema. Hakuna mlima wa mchanga, hakuna mikisa inayopiga kelele, ni kreni moja na watu kama kumi hivi na helmeti zao. Ukuta mzima unashuka na tundu la dirisha tayari, mirija ya nyaya imeshalazwa ndani, wanauegemeza kwa vyuma, wanapima, wanamimina zege laini kwenye kiungo, haya mwingine. Kuna siku nilikuta bafu linaning'inia hewani, bafu zima yaani, marumaru, sinki, choo, kioo bado kina karatasi, jamaa mmoja yuko chini analivuta kwa kamba lisije likagonga, nikajisemea ndo choo changu hicho kinapita juu ya vichwa vya watu.

Miezi mitano ghorofa sita zimesimama. Naelewa kwa nini serikali zinazipenda hizi mambo, Sweden walijenga nyumba kama milioni moja kati ya 1965 na 1974 na baadhi zilikuwa za namna hii, Singapore nao shirika lao la nyumba lililoanza 1960 leo linahifadhi karibu asilimia 80 ya wakazi. Ila sasa mimi kupewa funguo ilichukua mwaka mzima baada ya paa kuwekwa! Nyumba imekamilika, mapazia tu hayapo, kisa bomba la maji taka halijafika na transfoma bado. Kwenye matangazo wanahesabu siku za kusimamisha ukuta, za kusubiri choo kiflashi hazimo.

Ndani sasa. Kuta zimenyooka balaa, kabati linakaa chapu bila kuwekewa kipande cha mbao chini, na mpaka leo sijaona ufa hata mmoja. Joto nalo afadhali maana kuta za nje zina tabaka la povu katikati. Kelele za hewani kama maongezi hazipiti, lakini jirani wa juu akiburuza kiti nakisikia utadhani kiko kichwani kwangu.

Kuta za kugawa vyumba ni povu jeupe lile lile la kufungashia TV mpya, lina wavu wa waya pande zote mbili halafu limepuliziwa plasta. Hili sikuambiwa. Nimenunua TV, nikachukua drili, nikaweka fisha kama nilivyozoea, asubuhi nakuta TV imeinama na sakafuni kuna punje nyeupe kama mchele. Fundi alipokuja akagonga ukuta kwa vidole akacheka, "Boss, hapa unatakiwa upate fisha ndefu ya kufunguka kwa ndani, au urudi kwenye ukuta wa zege." TV sasa iko sebuleni upande wa dirisha, jua linaipiga saa kumi.

Shida yenyewe lakini ni viungo. Pale paneli mbili zinapokutana kwenye kona ya jikoni, mvua ya kwanza kubwa ikaleta mstari wa unyevu kutoka juu hadi kwenye swichi. Nikaambiwa ni silikoni tu, wakapaka, ikatulia, mvua iliyofuata ikarudi. Ndo nikaanza kusoma habari za jengo la Ronan Point kule London, ghorofa 22 za paneli, watu wamehamia juzi juzi tu, Mei 1968 gesi ikalipuka ghorofa ya 18 na kona nzima ya jengo ikaporomoka, watu wanne wakafa. Lilipobomolewa 1986 wakakuta baadhi ya viungo vilivyotakiwa kujazwa zege vimejazwa magazeti. Sisemi kwangu kuna magazeti, sheria za kule zilibadilishwa baada ya pale, ila nimeandika barua kuomba ripoti ya ukaguzi wa viungo na sijajibiwa.

Halafu spea. Bafu langu lilitoka kiwandani kama kipande kimoja, likiharibika koki ya ndani unahitaji ya saizi ile ile, na kiwanda kimesimama kwa sababu awamu ya pili ya nyumba haijatangazwa. Kiwanda cha hivi kina moldi na mashine za hela nyingi, hakiwezi kuishi kwa oda moja kisha kungoja uchaguzi, na sisi tuliokwishahamia tunabaki na bafu yatima. Nimefunga koki kwa utepe.

Nyota tatu kwa tano. Kama umeitwa kuchukua funguo, omba kwanza mchoro wa mabomba na nyaya kabla hujasaini, washa kila bomba, fungua kile kidirisha cha mabomba nyuma ya choo umulike na tochi. Na ukiweza nenda siku ya mvua. Mimi nilienda kiangazi, nikasaini nikiwa nacheka.