Kolibri: programu ya bure inayoweza kuzirudisha kazini kompyuta za shule

Katika shule nyingi za sekondari za serikali nchini Tanzania kuna chumba cha kompyuta ambacho kwa sehemu kubwa ya wiki hubaki kimefungwa kwa kufuli. Kompyuta zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi, ufunguo uko ofisini kwa mkuu wa shule, na ukiuliza kwa nini hazitumiki, jibu la kwanza huwa ni kwamba shule haina intaneti. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, ambavyo baadaye vilikabidhiwa kwa walimu, navyo vina uwezo mkubwa kuliko kazi ndogo ndogo ambazo wengi wetu tunavipa. Programu ya Kolibri, inayowawezesha wanafunzi kutumia masomo ya kidijitali bila intaneti, inaliondoa kabisa hilo jibu, na kwa sababu hiyo pekee inastahili kujaribiwa na kila shule yenye vifaa vilivyokaa bure. Hata hivyo, nikiwa mwalimu wa Hisabati, ninaona kwamba thamani yake kubwa zaidi iko mahali ambapo wanaoisifia hawapatazami sana.

Kolibri inatengenezwa na Learning Equality, shirika la Marekani lisilotafuta faida. Chimbuko lake ni mradi wa KA Lite ulioanzia Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2012, kwa lengo la kuyafikisha masomo ya Khan Academy, ambayo hutolewa bure mtandaoni kwa video na mazoezi, kwa watu wasio na intaneti. Kolibri yenyewe ilitolewa mwaka 2017. Haiuzwi, haina ada ya mwaka, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux, Android na hata kwenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi. Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa: kompyuta moja inawekewa programu pamoja na masomo na kuwa seva, kisha kompyuta nyingine na vishikwambi vinaunganishwa nayo kupitia ruta ya kawaida ambayo haihitaji kifurushi chochote, na mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani ya seva na kuingia kwa jina lake. Masomo yanapakuliwa mara moja tu, mahali penye intaneti nzuri, halafu yanabebwa kwa diski ya nje au flashi hadi shuleni.

Kwa atakayeiweka, nashauri mambo mawili kabla ya yote. La kwanza ni kutopakua kila kitu, kwa kuwa mkusanyiko wa Khan Academy wa Kiingereza peke yake unachukua makumi ya gigabaiti, wakati programu inamruhusu mtu kuchagua mada moja moja na kuziacha nyingine. La pili ni kuifanya kompyuta mpakato kuwa seva badala ya kompyuta ya mezani, hata kama ile ya mezani ina nguvu zaidi, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kipindi betri ya mpakato huendelea kuishikilia seva, na ruta ikiwa na chanzo chake kidogo cha akiba, wenye vishikwambi hawatagundua kwamba kuna kilichotokea. Kompyuta za zamani za wanafunzi hazina shida kubwa, kwani kazi nzito inafanywa na seva, ila ni lazima ziwe na Chrome au Firefox ya miaka ya karibuni. Internet Explorer haifai.

Yaliyomo ni mengi kuliko nilivyotarajia kukuta katika programu ya bure. Kuna mazoezi ya Hisabati ya Khan Academy, kuna hadithi za African Storybook katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kuna vipindi vya Ubongo Kids vilivyotengenezwa Dar es Salaam, na kuna majaribio ya kisayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule isiyo na maabara iliyokamilika, hayo ya PhET ni hazina: mwanafunzi anaunganisha betri, waya na balbu kwenye skrini, anaongeza betri ya pili, anaona balbu inavyozidi kung'aa, anasoma ampea kwenye kipimo, kisha anakata waya ili aone mkondo unavyokoma, na anaweza kurudia mara nyingi apendavyo bila kuunguza kitu.

Maudhui ya Kiswahili yana kazi moja muhimu sana ambayo ningependa walimu wa kidato cha kwanza waizingatie. Mtoto aliyesoma sehemu na desimali kwa Kiswahili kwa miaka 7 anaingia sekondari na kukuta mambo yale yale yanafundishwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwalimu hawezi kutambua kama kilichomshinda ni hesabu au ni lugha. Ukimpa zoezi la mada hiyo hiyo kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, jibu linajitokeza lenyewe.

Mapungufu ya maudhui hayo nayo ni ya wazi. Masomo ya Khan Academy yamepangwa kwa kufuata madarasa ya Marekani, mifano yake imejaa dola, futi na inchi, na mwalimu akimwachia mwanafunzi achague mwenyewe, muda utaishia kwenye mada ambazo hazimo katika mtaala wetu. Dawa yake ipo, nayo ni huduma ya mtandaoni ya Kolibri Studio, ambako mwalimu anaweza kuzikusanya mada kutoka vyanzo mbalimbali, kuzipanga kwa mfuatano wa mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania na kuongeza maswali yake mwenyewe. Ni kazi ya siku kadhaa, lakini ikifanywa na mwalimu mmoja inaweza kutumiwa na shule nyingine zote za wilaya, na nashangaa kwamba jambo lenye faida kubwa namna hii halijawa la kawaida.

Sasa nifike kwenye kile ninachokithamini kuliko vyote, yaani ripoti za mwalimu. Mwalimu akiingia kwa akaunti yake anatengeneza darasa, analigawa katika makundi, analipangia somo au jaribio, kisha anaona nani amemaliza, nani anahangaika, na maswali yapi yamewashinda wengi. Akibofya swali anaona kila jibu ambalo mwanafunzi alilijaribu, likiwamo lile la kwanza lililokosewa. Fikiria zoezi la kujumlisha nusu na theluthi. Ripoti ikionyesha kwamba sehemu kubwa ya darasa imeandika mbili ya tano, mwalimu anafahamu papo hapo kuwa wanafunzi wanajumlisha viasi kwa viasi na asili kwa asili, na kipindi kinachofuata anakianza kwa kosa hilo hasa. Katika darasa la wanafunzi 60 au zaidi, madaftari ya aina hiyo husahihishwa kwa kuchelewa, na yanaporudi wanafunzi wameshahamia mada nyingine huku kosa likibaki palepale. Matokeo ya kidato cha nne yanayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) yameiweka Hisabati miongoni mwa masomo yenye ufaulu duni kwa miaka mingi, na mimi naamini kuchelewa huku kugundua makosa kunachangia.

Ripoti hizo, hata hivyo, zinategemea kila mwanafunzi kuingia kwa akaunti yake, na hapa ndipo uhalisia wa shule zetu unapoleta ugumu. Wanafunzi watatu wakikaa mbele ya kompyuta moja, anayeshika kipanya ndiye anayejibu, na ripoti inamsoma yeye huku ikiwapoteza wawili. Njia inayofaa ni kutenganisha shughuli hizo: video na majaribio ya PhET yatazamwe kwa pamoja, wanafunzi wakijadiliana, lakini jaribio fupi la maswali matano au sita lifanywe na mmoja mmoja kwa zamu, huku wengine wakiandika hesabu zao kwenye daftari. Vishikwambi vya walimu, pale wanapokubali kuviazima kwa kipindi hicho, vinapunguza foleni kwa kiasi kikubwa.

Video zina matatizo mawili. Darasa zima likifungua video kwa wakati mmoja kupitia ruta ya bei nafuu, picha zinaganda, na kompyuta zisizo na vipokea sauti vya masikioni zinageuza chumba kuwa soko. Ni afadhali mwalimu aonyeshe video moja kwa projekta na kuviachia vifaa vya wanafunzi kazi ya mazoezi, ambayo haihitaji mtandao mzito. Tafsiri ya Kiswahili ya programu yenyewe inatosha kwa mwanafunzi kujiongoza.

Nakala ya akiba ya taarifa za seva ichukuliwe kila mwisho wa wiki, kwani diski ikiharibika, kumbukumbu za darasa zima zinapotea nayo.

Lililobaki liko nje ya uwezo wa watengenezaji, nalo ni ratiba. Mahali ambapo chumba cha kompyuta kimeachwa kuwa cha mwalimu mwenye moyo, akihamishwa tu kufuli linarudi. Kipindi cha Hisabati kinachofanyika chumbani humo kinapaswa kuandikwa kwenye ratiba kuu ya shule kwa siku na saa, awepo mwalimu wa pili anayejua kuwasha seva, na ufunguo utunzwe na mtu anayepatikana hata mkuu wa shule anapokuwa safarini. Shule iliyo tayari kwa hayo, naishauri ianze na kidato cha kwanza, somo moja na mada ya sehemu, kisha idara ikutane na ripoti za muhula mkononi kabla ya kuamua ni somo lipi liongezwe.