Gyeongju kwa siku moja na mama: uzoefu wangu wa kukodi gari na mwongozaji

Nianze na bei, kwa sababu kila niliyemsimulia safari hii ameniuliza bei kwanza. Won 420,000 kwa siku nzima: gari la abiria saba, dereva, na mwongoza watalii anayezungumza Kiingereza, kutuchukua mlangoni Busan, Korea Kusini, saa mbili asubuhi na kuturudisha jioni. Bei ni ya gari, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili au watano ni ileile. Kwa viwango vya Novemba 2024 ilikaribia laki nane za Kitanzania. Chakula na viingilio mnajilipia wenyewe.

Ni pesa nyingi. Mimi nasoma Busan, na Gyeongju nilishakwenda mara mbili kwa basi, kwa nauli isiyofika bei ya chakula cha mchana. Mara zote mbili nilitembea mpaka nyayo zikawaka, nikapiga picha za vilima vya majani, nikarudi bila kujua hasa nimeona nini. Safari hii nilikuwa na mama, ametoka Tanga kuja kunitazama. Ana miaka 68 na goti lake la kushoto halipendi ngazi. Nililipa kwa ajili ya goti. Mengine yote niliyoyapata siku ile yalikuja juu ya hapo.

Mwongozaji alikuwa dada wa makamo. Alipomwona mama aliinama, akamwita "omonim". Mama akaniuliza maana yake. Nikamwambia, amekuita mama, kwa heshima. Basi kuanzia pale naye akawa anamwita "mwanangu", kwa Kiswahili, na mimi katikati natafsiri. Gari lina kidato kirefu cha kupandia. Tungejua tungeomba kigoda mapema. Dereva alimshika mama mkono kila aliposhuka, siku nzima, bila kuambiwa.

Njiani, mwendo wa saa moja na nusu hivi, tulielezwa jambo moja lililonisaidia kuliko vitabu: Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla tangu mwaka 57 kabla ya Kristo, kwa hesabu ya mapokeo yao, hadi 935. Mama akahesabu kwa vidole. "Karibu miaka elfu, na mji hawajauhamisha?" Hawakuuhamisha. Ndiyo maana ukichimba msingi wa nyumba pale unaweza kukutana na mfalme.

Tulianza na Seokguram, hekalu la mfano wa pango juu ya mlima Toham, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika. Kutoka maegesho ni njia ya udongo katikati ya msitu, karibu tambarare, majani siku hizo mekundu na manjano. Ngazi zinakuja mwishoni. Mwongozaji alimwacha mama apumzike mara tatu, na kila tukisimama alikuwa na kitu cha kueleza, hata ikaonekana kama vituo vile vilipangwa.

Ndani ni chumba cha mviringo chenye sanamu ya Buddha ya graniti, kimo cha mita tatu na nusu hivi, imeelekea bahari ya mashariki. Unaitazama kupitia kioo na picha hairuhusiwi. Mara ya kwanza nilipokwenda peke yangu kioo kile kiliniudhi, nikaondoka baada ya dakika mbili. Sasa nimekielewa. India na China walichonga mapango ndani ya majabali; hapa, katika karne ya nane, walikata vipande vya graniti ngumu, wakavipanga kuwa kuba, kisha wakaifunika kwa udongo. Ilisimama hivyo kwa miaka zaidi ya elfu moja. Kati ya 1913 na 1915, wakati wa utawala wa Wajapani, ukarabati ulifanyika kwa saruji, na unyevu ukaanza kuyashambulia mawe. Kioo na mitambo ya hewa ni matokeo ya saruji ile. Mama alielewa kabla sijamaliza kutafsiri. Pwani yetu tumeona nyumba za mawe na chokaa zikizibwa kwa saruji, na ukuta unaanza kutoka jasho na kubambuka. "Jiwe linataka kupumua," akasema, na nilipomtafsiria mwongozaji, alikiandika kwenye simu yake.

Bulguksa, hekalu lililo chini ya mlima uleule, nitalipitia haraka kwa sababu ndilo linaloelezwa kila mahali. Yote mawili yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1995, na tangu Mei 2023 hayana kiingilio. Nilichothamini ni ukweli wa mwongozaji: alituambia wazi kwamba majengo ya mbao tunayoyaona si ya Silla. Hekalu liliungua 1593 Wajapani walipovamia, na mengi ya leo ni ya ujenzi wa 1969 hadi 1973. "Tazameni mawe," akasema. Basi tukatazama mawe. Kuna ngazi 33 za daraja maarufu la mbele, ambazo wageni hawaruhusiwi kuzikanyaga, na kuna ukuta wa msingi ambapo jiwe la juu limechongwa lifuate kila bonde na kilima cha jiwe la asili lililo chini yake. Mama alipitisha kidole pale yanapokutana. Kisha akapewa sarafu ya won 10 aangalie mnara uliochorwa juu yake, akainua uso, na mnara wenyewe, Dabotap, ulikuwa mbele yake. Sarafu ile mama amerudi nayo Tanga.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifanya niandike haya.

Ratiba ya kampuni ilisema baada ya Bulguksa twende mtaa wa maduka na mikahawa ulio karibu na makaburi ya kifalme. Mwongozaji alikuwa ameshatusikia ni Waislamu, watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Akatuuliza: mnapenda maduka, au niwapeleke mahali wageni wengi hawafiki? Dakika kama kumi na tano kuelekea kusini kuna kaburi liitwalo Gwaereung, linaloaminika kuwa la mfalme Wonseong, aliyetawala 785 hadi 798. Kilima cha majani, misonobari iliyopinda, na pande mbili za njia mistari ya sanamu za mawe: simba, maofisa, na askari wawili. Hakukuwa na foleni wala kelele.

Mama alisimama mbele ya askari wa kwanza. Macho yamezama ndani, pua kubwa, ndevu za mawimbi, kitambaa kimezunguka kichwa. Akamtazama kwa muda. "Huyu si Mshihiri huyu?"

Sikuweza kutafsiri mara moja. Ilibidi nimweleze mwongozaji Mshihiri ni nani kwetu: mtu wa Hadhramaut, mwenye duka la kona, ambaye tulikua tukinunua kwake sukari na mafuta ya taa. Naye akatuambia kwamba wataalamu wamebishana sana juu ya nyuso zile. Wengine wanasema ni Wasogdi wa Asia ya Kati, wengine Waajemi. Wanachokubaliana wengi ni kwamba sura ile haikuwa ya Kikorea. Mchongaji alikuwa ameona watu wa mbali, au ameona sanamu zao.

Hapo ndipo nami nilikuwa na kitu cha kumpa. Wanajiografia wa Kiarabu waliijua Silla, waliiita al-Sila. Ibn Khurdadhbih aliandika katika karne ya tisa kwamba ni nchi yenye dhahabu nyingi, na Waislamu waliofika huko walipapenda wakabaki. Al-Mas'udi naye aliitaja. Na huyu al-Mas'udi ndiye aliyesafiri kwa jahazi mwanzoni mwa karne ya kumi mpaka kisiwa cha Kanbalu kwenye pwani yetu, ambacho wengi wanakidhani kuwa Pemba. Mtu mmoja, kalamu moja, Pemba na Gyeongju ndani yake. Nilisoma hayo darasani na yakabaki darasani, mpaka siku ile mama alipomtambua muuza duka wake kwenye jiwe la Korea.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mama alitawadha kwa maji ya chupa, tukaenda mbali na kaburi, upande wa maegesho, nikatafuta kibla kwenye simu, akasali adhuhuri na alasiri akiwa msafiri. Mwongozaji alishika mkoba wake, akasimama kimya akiwa ametupa mgongo. Hakuna aliyemfundisha. Kwenye basi la watalii arobaini tungeipata wapi dakika ile?

Lawama yangu kubwa ni chakula. Nilipoweka nafasi niliandika mara mbili kwamba hatuli nguruwe. Kampuni haikumfikishia mwongozaji ujumbe, wala mkahawa. Tulikaribishwa kwenye ssambap, ule mlo wa majani mabichi ya kufungia wali wenye vibakuli ishirini mezani, na katikati pametulia sahani ya nyama ya nguruwe. Mama hakusema neno, alirudisha mikono mapajani tu. Mwongozaji aliona aibu kubwa. Aliongea na mwenye mkahawa, tukanyanyuka, tukapelekwa mahali pa samaki wa kuchoma, na tukaletewa godeungeo, jamii ya vibua, na wali mweupe. Mama alimaliza mpaka kichwa. Lakini tulipoteza dakika arobaini, na wakati ule tulikuwa tumeulipia. Ukiweka nafasi, usitegemee fomu. Omba kuongea na mwongozaji mwenyewe siku moja kabla.

Kosa la pili ni ratiba. Vituo saba kwa siku moja ni vingi mno, ni vya kuvutia mteja kwenye tangazo. Sisi tulifika vitano kati ya hivyo, mbali na Gwaereung, na kama ningekuwa na ujasiri zaidi ningeacha viwili tangu asubuhi.

Mchana tuliingia Daereungwon, bustani yenye makaburi 23 ya vilima katikati ya mji. Vijana walikuwa kwenye foleni ndefu ya kupiga picha kati ya vilima viwili. Tuliwapita, tukalipa won 3,000 kila mtu kuingia Cheonmachong, kaburi pekee pale unaloweza kuingia ndani. Lilichimbwa 1973. Nilichokuwa sijui ni kwamba lilichimbwa kama mazoezi: serikali ilitaka kufungua kilima kikubwa kuliko vyote, Hwangnamdaechong, na wanaakiolojia wakaomba waanze na kidogo kwanza, kaburi namba 155. Kidogo kile kikatoa vitu zaidi ya 11,000, pamoja na taji la dhahabu na farasi mweupe aliyechorwa kwenye gome la mti, ndiye aliyelipa kaburi jina. Wezi hawakuyagusa makaburi haya kwa karne nyingi kwa sababu chumba cha mbao kilirundikiwa mawe. Ukitoboa, mawe yanakuporomokea. Mama alitaka kujua kama jina la mfalme linajulikana. Halijulikani. Alitikisa kichwa, dhahabu yote ile na jina hakuna.

Makumbusho ya Taifa ya Gyeongju ni bure, na kwa mwenye saa moja tu ningesema aende moja kwa moja kwenye kengele iliyo nje. Ina tani 18.9. Mfalme Gyeongdeok aliianza kumwenzi baba yake Seongdeok, akafa kabla haijakamilika, mwanawe Hyegong akaimaliza 771. Kwa kawaida haigongwi; unasikia sauti iliyorekodiwa, ndefu, inayopanda na kushuka kama pumzi. Hadithi ya watu ni kwamba kengele ilikataa kulia mpaka mtoto alipotupwa kwenye shaba iliyoyeyushwa, na ndiyo maana inaita "emille", sauti ya mtoto anayemlilia mama yake. Nilisita kutafsiri, nikatafsiri. Mama alisikiliza mpaka sauti ilipoisha yote. "Basi wasingeigonga kamwe," akasema, na mwongozaji akamshika mkono wakatembea hivyo mpaka kwenye gari.

Cheomseongdae, ule mnara wa karne ya saba unaoaminika kuwa wa kuangalia nyota, wa enzi ya malkia Seondeok, tuliuona kupitia dirishani. Tulimalizia Wolji, bwawa la kasri lililochimbwa 674 enzi ya mfalme Munmu. Novemba jua linazama mapema, kwa hiyo taa ziliwashwa tukiwa pale. Kingo zake zimepindwa makusudi ili popote utakaposimama usione bwawa lote kwa mara moja. Kampuni inashauri kulizunguka. Sisi tulikaa kwenye benchi moja, mama amejifunga kanga juu ya koti, tukila mikate midogo ya Hwangnam, ile yenye maharage mekundu matamu ndani, bado ya moto. Mama alisema inataka chai ya tangawizi, na ni kweli.

Tulichelewa kurudi kwa saa moja, tukatozwa won 30,000 za ziada. Nililipa bila kinyongo, ingawa dakika zile za mkahawa zilipaswa kukatwa humo, na kampuni nimewaandikia hivyo. Mwongozaji nampa alama zote. Kampuni naipa nusu.

Namba ya yule dada ninayo. Shangazi anakuja Aprili, na nimeshamwandikia kwamba safari hii tuanze na Washihiri.