Uzoefu wangu: kutafuta bendi zinazofanana na Radiohead

Nimewasikiliza Radiohead miaka mingi, hadi najua mwimbaji anavuta pumzi wapi katika kila wimbo. Nilipotaka bendi nyingine za roki mbadala za kunigusa vile, nililipia programu ya kusikiliza muziki, nikabonyeza "wasanii wanaofanana" na kuiacha ichague kwa wiki tatu.

Haikunifaa. Ilikuwa inanirudishia Coldplay na Muse kila siku. Sina ubaya nao, ila nilikuwa nawajua tayari. Programu za namna hii hutegemea sana kuangalia wapenzi wa bendi fulani wanasikiliza nini kingine, kwa hiyo ukiiuliza kuhusu bendi kubwa, aghalabu utaletewa kubwa nyingine.

Nikabadili swali. Badala ya kuuliza nani anafanana na Radiohead, nikauliza wao walikuwa wanamsikiliza nani, nani aliwafungulia jukwaa, nani alikaa nao studio. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Jina lao limetoka kwenye wimbo wa Talking Heads wa 1986, nikaanzia huko. Kisha nikaenda kwa Pixies wa Boston na albamu yao Doolittle ya 1989: ubeti unanong'ona, kiitikio kinalipuka. Nikayaelewa upya magitaa ya The Bends, albamu ya Radiohead.

Sigur Rós wa Aisilandi waliwafungulia Radiohead mwaka 2000. Mwimbaji wao, Jónsi, hupiga gitaa la umeme kwa upinde wa selo. Ukivaa hedifoni utasikia tofauti: hakuna ule mdundo wa kidole kugusa uzi. Sauti inachomoza polepole, inajaa kichwani, halafu inaanza kukwaruza pembeni. Sijui neno hata moja la Kiaislandi, na albamu yao Ágætis byrjun ya 1999 ilinitoa machozi hata hivyo.

Lakini bendi ninayoishukuru kuliko zote ni Talk Talk. Hawa walianza na muziki wa sintesaiza wa kuchezeka, kisha 1988 wakatoa Spirit of Eden, nyimbo sita tu. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Tarumbeta kwa mbali, kimya, kinanda kidogo, kimya tena. Nikaongeza sauti, na hamonika ikaingia imechafuka kama inapita kwenye spika iliyopasuka. Nilishtuka. Ilinichukua kuisikiliza mara nne kabla haijaniingia, kwa hiyo usiihukumu kwa mara moja, na usiisikilize ukiwa na kazi nyingine mkononi.

Kwa upande wa studio, prodyuza wa Radiohead, Nigel Godrich, alinifikisha kwa mwanamuziki Beck na Sea Change ya 2002, albamu ya huzuni iliyotulia. Bendi ya The Smile nao ni wazuri, ila wawili kati ya watatu ni Radiohead wenyewe, kwa hiyo siwahesabu kama wapya.

Njia hii inakula muda. Itabidi usome majina ya waliotengeneza albamu, na kwenye programu nyingi yamefichwa ndani ya menyu. Mimi sasa nipo kwa Can, bendi ya Wajerumani, na albamu yao Tago Mago ya 1971. Kuna wimbo mmoja wa dakika zaidi ya 18 ambao mpiga ngoma, Jaki Liebezeit, anaushikilia mdundo uleule bila kuchoka. Jana niliurudia mara mbili kabla ya kulala.